Sindano za Kumuunga Mkono Rais

Rais wetu alinasa kwenye kiti.

Ilikuwa Sikukuu ya Uhuru, uwanja umejaa, mabalozi wamekaa kivulini na wananchi juani kama kawaida. Bendi ilipoanza kupiga wimbo wa taifa, Rais alisimama, na kiti kikasimama naye. Kilikuwa kiti cha mninga chenye mikono miwili, na mikono hiyo ilimkumbatia kiunoni kama shangazi aliyerudi kutoka safari. Wapambe wawili walikivuta kwa nyuma. Hakikutoka. Wimbo wetu una beti tatu, na Rais alizisikiliza zote akiwa amevaa kiti.

Mtu wa kuja angedhani hapo ndipo watu walipocheka. Hawakucheka. Waziri wa Afya, Mheshimiwa Ngulumbi, alitazama kulia, akatazama kushoto, akainua kiti chake na kukishikilia makalioni kwa mikono miwili. Waziri wa Mambo ya Ndani, Mheshimiwa Makunguru, akafanya vivyo hivyo. Kabla ubeti wa pili haujaisha, baraza zima la mawaziri, majaji na askofu mmoja walikuwa wamesimama na viti vyao nyuma, wima, macho mbele, wakiimba.

Jina la nchi yetu silitaji, nina familia. Lakini desturi yetu siionei haya. Kwetu kiongozi haachwi peke yake katika jambo lolote, anaungwa mkono. Mwaka alioshikwa na kikohozi, wizara zote zilikohoa, na mkurugenzi wa misitu ambaye hakukohoa alihamishiwa kwenye msitu usio na miti. Rais alipong'olewa jino, wabunge walipanga foleni kwa daktari wa meno hadi barabarani. Ni desturi nzuri, inaleta umoja. Mimi shule niliishia darasa la tano, na hata mimi naielewa.

*

Naitwa Shomvi. Nachoma nyama ya mbuzi mkabala na Wizara ya Afya. Wakubwa wote walikuwa wanakula kwangu. Siwapendi, lakini walikuwa wanakula vizuri, na mtu anayekula vizuri humwulizi maswali mengi.

Mke wangu Sikudhani huuza vinywaji hapo hapo. Ana ugonjwa wa sukari wa siku nyingi. Vidonge vilishamshinda, mwisho Dokta Anzaruni wa hospitali kuu akamwandikia sindano ya kisasa. Ni kifaa kama kalamu, rangi ya buluu, unajichoma tumboni mara moja kwa wiki, halafu unaendelea na maisha yako. Sharti lake ni ubaridi. Nyumbani hatuna friji, kwa hiyo kalamu yake ilikuwa inakaa kwenye friji ya biashara, kati ya soda na maji. Kwa dawa hiyo sukari ilishuka, macho yake yakaacha kuona ukungu, na akaanza tena kunitukana kwa nguvu zake za zamani. Nilijua amepona.

Wiki ile ya kiti, redio ilisoma taarifa ya Ikulu. Ilisema kwamba Mtukufu Rais ana afya njema kabisa, kwamba kiti kilikuwa na hitilafu ya kiti, na kwamba Rais hapokei tiba ya aina yoyote ya kupunguza uzito. Hapo ndipo nchi nzima ilipojua kwamba kuna tiba ya kupunguza uzito. Mchana wake mlinzi mmoja wa lango alikuja kula kwangu, akasema amemwona Dokta Anzaruni akiingia Ikulu na kisanduku cha barafu.

Ngulumbi na Makunguru walikuwa meza ya pembeni, mbavu kilo mbili kati yao.

"Kisanduku cha barafu," alisema Ngulumbi. "Hizo ni sindano."

"Huenda ni samaki," alisema Makunguru.

"Daktari bingwa apeleke samaki Ikulu?"

"Mimi nasema tu. Ukikosea kuunga mkono, utakwenda kuulinda ule msitu."

Wakati huo Sikudhani alifungua friji kutoa soda, na Ngulumbi akaiona kalamu.

"Dada, hicho cha buluu ni nini?"

"Dawa yangu ya sukari, mheshimiwa. Usiguse hapo, si soda hiyo."

"Nani kakupa?"

"Dokta Anzaruni."

Ngulumbi aliweka ubavu chini. "Inakondesha?"

"Inaondoa hamu. Pilau naliona kama mchanga. Hata huyu mume wangu siku hizi namtazama, sina hamu naye."

"Hiyo ilianza kabla ya dawa," nilisema.

Waziri hakucheka. Alifuta mikono, akaacha mbavu nusu sahani. Miaka yote ile sijawahi kumwona akiacha mbavu. Kesho yake gari la wizara lilikwenda bohari ya dawa likarudi limeinama nyuma.

*

Makunguru hakuweza kumfuata Ngulumbi katika jambo zito kama hili, maana wote wawili wanautaka uwaziri mkuu. Alikuwa na shemeji yake anayeingiza dawa nchini, na shemeji akamletea kalamu nyingine, ya kijani. Hiyo unajichoma kila siku asubuhi. Basi nchi ikagawanyika.

Swali lilikuwa moja tu: Rais amechagua ipi? Kumwuliza haikuwezekana, kwa sababu hapokei tiba. Ikabidi watu wasome dalili. Rais akifunga tai ya buluu, wa kijani walipauka. Akitembelea shamba la chai, wa buluu walilala na viatu. Siku moja alipiga mbweu katikati ya hotuba ya bajeti, na mbweu ile ilichambuliwa redioni juma zima na wataalamu watatu.

Bungeni walijadili kwa heshima.

"Mheshimiwa Spika," alisema Ngulumbi, "kalamu ya buluu ni ya mara moja kwa wiki. Kiongozi mwenye dhamana ya taifa hawezi kudungwa kila siku kama ng'ombe wa mnada. Buluu ni rangi ya anga, na anga iko juu ya vyama vyote."

"Mheshimiwa Spika," alijibu Makunguru, "mzalendo wa kweli huumia kila siku. Huyu anayeumia mara moja kwa wiki, zile siku nyingine sita anamuunga mkono nani?"

Walimpigia meza hadi glasi zikaanguka.

Spika, ambaye kazi yake ni kutopendelea upande wowote, alikuwa anajichoma zote mbili. Alitapikia siwa. Alitapika kwa haki, nusu upande wa serikali na nusu upande wa upinzani.

Redio ilimwita Dokta Anzaruni aseme neno. Yule ni mtu mkimya, anaongea kama anayepima dawa kwa kijiko.

"Hizi si jezi za mpira," alisema. "Huchagui kwa kumpenda mtu. Daktari anakuangalia wewe: una maradhi gani, kongosho lako likoje, ukoo wenu una saratani ya tezi ya shingoni au hauna, una mimba au huna, una nafasi ya kujichoma kila siku au ya mara moja kwa wiki. Unaanza na dozi ndogo, unapanda polepole. Huchanganyi mbili. Na ukiacha, uzito unarudi."

"Ahsante, daktari," alisema mtangazaji. "Kwa hiyo Rais anatumia ipi?"

"Mambo ya mgonjwa ni siri."

"Ahaa. Kumbe ni mgonjwa."

Dokta Anzaruni alihamishiwa mpakani, kwenye kituo cha karantini ya mifugo. Taarifa ilisema ni kupandishwa cheo, kwa sababu ng'ombe ni wazito kuliko watu.

*

Wakubwa hawakuwa na subira ya kupanda polepole. Katibu mkuu hawezi kuanza na dozi ya karani. Wote walianza na dozi kubwa, kila mtu kwa cheo chake, na matokeo yake yakaonekana kwenye mazulia ya serikali. Ukatoka waraka: katika hafla za kitaifa, waziri atatapika kwanza, akifuatiwa na naibu waziri, kisha katibu mkuu. Katibu mkuu wa Kilimo alishindwa kusubiri zamu yake, akapewa onyo la maandishi.

Kwangu waliendelea kuja, lakini si kula.

"Mzee Shomvi, niwekee mbavu kilo moja," Ngulumbi aliniambia. Suti ilikuwa inamning'inia, uso rangi ya majivu.

"Utakula?"

"Siwezi hata kuzinusa. Weka hapa mezani, watu waone kwamba siwezi."

Nikawa nauza nyama ya kutazamwa. Mbwa wa mtaa ule walinenepa hadi wakaacha kubweka.

Haya yote mimi nilikuwa nayacheka. Kisha kalamu ya Sikudhani ikaisha.

Tulikwenda hospitali siku ya kliniki. Dada wa dirisha la dawa alimjua mke wangu kwa jina.

"Mama Tatu, za buluu hakuna. Zimekwenda serikalini."

"Na hospitali hii ni ya nani?"

"Ya serikali."

"Sasa?"

"Zimekwenda serikalini kule juu, mama."

"Nipe basi za kijani, nione daktari atasemaje."

"Za kijani nazo zimekwenda serikalini. Upande wa pili."

Wakamrudishia vidonge vya zamani, vile vilivyokwisha kumshinda. Tulikwenda duka la dawa la mtu binafsi. Muuzaji alitutajia bei, nikadhani ananipa namba yake ya simu.

Sasa, Sikudhani alikuwa na mchubuko kwenye mguu wa kushoto. Alikuwa amenunua viatu vipya kwa ajili ya arusi ya mwanetu Tatu, akacheza navyo ngoma yote, na kimoja kikamchuna kisigino. Mchubuko wenyewe mdogo, punje ya haragwe. Kwa mtu mwingine ungefunga kabla bibi arusi hajarudi kusalimia. Kwake sukari ilipanda na mchubuko ukafumbuka. Nesi aliusafisha, akaufunga, akaniita pembeni.

"Baba Tatu, mimi nitaosha kidonda mpaka nichoke. Sukari isiposhuka, naosha bure."

Nilimfuata Ngulumbi mezani kwake, mbele ya mbavu zake za kutazamwa.

"Mheshimiwa, nipe kalamu moja. Mguu wa mke wangu unaoza."

Alinishika bega. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. "Shomvi, ndugu yangu, hizi si zangu. Ni za kumuunga mkono Rais. Nikikupa wewe moja, si nitakuwa nimempunguzia Rais mkono?"

"Unazo ngapi?"

"Ziko kwenye friji ya gari, nyuma. Sijazihesabu."

Gari lilikuwa limeegeshwa hatua chache kutoka jiko langu. Nililitazama mpaka lilipoondoka.

*

Rais alikuja kwangu kwa kufuata harufu.

Msafara ulikuwa unapita kwenda kuzindua daraja. Gari lake lilipofika usawa wa jiko langu, kioo kilishuka, kisha gari likasimama, kisha magari yote nyuma yakasimama kama mabehewa. Alishuka mwenyewe, tumbo likitangulia, lilelile la siku ya kiti, na huenda limeongezeka. Mawaziri walishuka nyuma yake wakishikilia milango.

"Mzee, hizo mbavu za nani?"

"Za Waziri wa Afya, Mtukufu. Lakini hali."

"Basi nipe."

Alikula kilo ile yote amesimama, akalamba vidole, akaomba pilipili. Mawaziri walimtazama kwa mateso. Nilimsikia Makunguru akimnong'oneza Ngulumbi, "Ni kalamu gani hiyo inayomruhusu kula hivi?" Ngulumbi akajibu, "Labda ni ya tatu."

Sikudhani alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, mguu wenye bandeji juu ya kreti lingine. Alinitazama. Miaka thelathini ya ndoa, sikuhitaji aseme.

"Mtukufu Rais," nikasema, "mke wangu ana kidonda. Dawa yake wamechukua mawaziri wako. Wanajichoma kwa ajili yako."

Mlinzi mmoja alisogea. Rais alimzuia kwa mfupa.

"Wanajichoma nini?"

Mawaziri walitazama viatu vyao.

"Ngulumbi. Wanajichoma nini?"

"Tunakuunga mkono, Mtukufu. Katika tiba yako."

"Tiba gani?"

"Ile," alisema Ngulumbi, "ambayo huipokei."

Rais alitafuna kidogo. "Ile ya Anzaruni? Alikuja na kisanduku chake, akafungua, humo kuna za buluu na za kijani. Akasema tukae tuzungumze, tuone ipi inanifaa. Nikamwuliza, zina sindano? Akasema ndiyo. Nikamwambia, funga. Mimi sindano naziogopa tangu chanjo ya shule. Nikamwita seremala akanichongea kiti kipana." Akawatazama mmoja mmoja, kama mtu anayewaona mara ya kwanza. "Kumbe ndiyo maana mmekuwa hivi. Mimi nilidhani mnaumwa na ujauzito."

Makunguru aliegemea nguzo ya banda. Ngulumbi alinyoosha mkono, akachukua ubavu jikoni kwangu bila kuuliza, akala mbele ya Rais ili aonekane, na akatapika mbele ya Rais pia.

"Mpeni mama dawa yake," alisema Rais. Akapanda gari na sahani yangu.

*

Ungedhani yameisha. Friji ya gari ilikuwa pale pale. Nilikwenda nikasimama nyuma ya gari la Ngulumbi na mkono wangu mbele.

"Taratibu, Shomvi," aliniambia. "Hili ni agizo la Rais. Haliwezi kutekelezwa hivi hivi barabarani kama karanga."

Kwetu kitu hakitolewi, kinakabidhiwa. Ikaundwa kamati ya makabidhiano. Kamati ikatafuta mahema, kwaya, fulana zenye picha ya Rais, na mgeni rasmi. Mgeni rasmi alipopatikana, fulana zilikuwa hazijafika. Fulana zilipofika, mgeni rasmi alikuwa amesafiri. Kidonda hakikuwa mjumbe wa kamati, kwa hiyo hakikusubiri.

Hafla yenyewe ilifanyika kwenye uwanja wa Uhuru. Wakubwa wa buluu na wa kijani walirudisha kalamu zote zilizobaki, zikapangwa juu ya meza ndefu, nazo zikafungwa utepe. Meza iliwekwa juani, kwa sababu mpiga picha alisema kivulini rangi hazitoki. Mahema yalikuwa ya wageni.

Tulikaa mbele, pamoja na wagonjwa wote wa sukari walioitwa kushukuru. Saa tatu asubuhi kwaya iliimba. Sikudhani alimvuta shati Ngulumbi alipopita.

"Mheshimiwa, hiyo dawa inakaa kwenye baridi."

"Mama, zamu yako ya kushukuru bado."

"Sishukuru. Nakwambia inaharibika."

"Mwandikeni huyu mama," Ngulumbi alimwambia msaidizi wake, "atashukuru mwishoni."

Alihutubia yeye. Akahutubia Makunguru, kwa sababu za kijani nazo zina haki. Akahutubia mkuu wa mkoa, na mwakilishi wa wazee, na mwakilishi wa vijana aliyekuwa na umri wangu. Jua lilipanda, likasimama, likaanza kushuka. Mchungaji na shehe waliziombea kalamu, kila mmoja kwa lugha yake. Alasiri utepe ulikatwa, na mke wangu akapandishwa jukwaani kwa kushikwa mabega, akapewa kalamu moja ya buluu huku kamera zikimulika.

Aliniletea kiganjani. Ilikuwa ya moto kama yai lililochemshwa. Dawa ile huwa angavu kama maji ya kisima. Hii ilikuwa na ukungu kama uji wa mgonjwa. Tulimpelekea nesi. Aliiinua kwenye mwanga, akaitazama. Aliitupa kwenye ndoo.

"Na nyingine zote?" nilimwuliza.

"Zilikaa meza moja, Baba Tatu."

Mzigo mpya ulifika baadaye, kimya kimya, bila kwaya. Ulikuta mguu umeshaamuliwa.

*

Sasa hesabu, kwa wanaopenda hesabu.

Kiti cha Rais, kimoja, kipya, kimekula mininga miwili. Siwa ya Bunge, moja. Imesuguliwa kwa chumvi na ndimu, bado inanuka. Daktari bingwa, mmoja, anapima ng'ombe mpakani na anasema hawamwulizi maswali ya kijinga. Waziri wa Afya alipungua kilo kumi na nane. Alipoacha kujichoma, katika kumuunga mkono Rais upya, zilirudi ishirini. Waziri wa Mambo ya Ndani alipungua kumi na mbili, na zote zimerudi. Spika alipungua nyingi kuliko wote, maana alijichoma za pande zote. Nazo zimerudi. Wote wanakula kwangu tena, na wameniomba nipanue viti.

Mke wangu naye alipungua. Walimkata mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti. Alipozinduka alinitazama akasema, "Baba Tatu, kile kiatu kingine usikitupe, bado kipya." Mguu walinipa mimi nikauzike, umefungwa kwenye kitambaa cha kijani cha hospitali. Mimi ni muuza nyama, uzito naujua kwa mkono, hata siku ambayo sitaki kuujua. Kilo nne.

Hizo hazijarudi.